Malaria yenye kalenda: akili na mwili katika siku za kabla ya hedhi

Mama mmoja anayekaanga na kuuza mgongo wazi mtaani Obunga, hapa Kisumu, aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Sista, hii malaria yangu ina kalenda." Kwa wasomaji wa Pwani wasioijua biashara hiyo, mgongo wazi ni mifupa ya mbuta, yule samaki ambaye wengine humwita sangara, inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa.

Kila mwezi, siku nne au tano kabla ya kwenda mwezini, kichwa kilimgonga, viungo vilimuuma, usingizi ulipotea na machozi yakawa karibu. Alizoea kupitia duka la dawa, kununua dawa ya malaria bila kupimwa, na kumeza. Siku chache baadaye hedhi ilianza, maumivu yakaisha, naye akaamini dawa imefanya kazi. Mwezi uliofuata malaria ilirudi. Simlaumu. Kando ya Ziwa Victoria malaria ni nyingi kweli, na mtu akiumwa kichwa na viungo, jambo la kwanza kulifikiria ni hilo.

Nyumbani mumewe alikuwa na maelezo mengine: "Hizo ni hasira zenu za mwezi." Kwa hiyo mama huyu alikuwa na maelezo mawili. Moja lilisema ana vidudu vya malaria, lingine likasema ana tabia mbaya. Yote mawili hayakumsaidia.

Mimi ni muuguzi na mshauri nasaha. Kisa chake nakieleza kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo machache ili asitambulike. Nimeamua kuandika kwa sababu wanawake wengi, wa ziwani na wa baharini, wamekwama mahali alipokwama yeye. Ninachotaka kusema ni hiki: dalili za kabla ya hedhi ni za kweli mwilini, lakini uzito wake na maana tunayozipa hutegemea sana akili na maisha ya mwanamke. Anayeziangalia kwa upande mmoja tu atakosa tiba, na mara nyingine atakosa haki.

Dalili hizi ni zipi

Tunazungumzia mabadiliko yanayotokea katika wiki moja au mbili kabla ya hedhi, kisha yakapungua au kuisha ndani ya siku chache baada ya damu kuanza. Ya mwilini ni kama matiti kujaa na kuuma, tumbo kuvimba, kichwa, maumivu ya mgongo na viungo, uchovu, na hamu ya vyakula fulani. Ya kihisia ni kama hasira za haraka, wasiwasi, huzuni, kulia kwa jambo dogo, kushindwa kutulia kazini na kutaka kujitenga na watu.

Wanawake wengi huona angalau mojawapo ya hayo, na maisha yao yanaendelea kama kawaida. Huo si ugonjwa. Tunaanza kuuita tatizo la kiafya pale dalili zinaporudi mwezi baada ya mwezi na kuvuruga kazi, masomo au nyumba. Wapo pia wachache wenye hali kali zaidi, ambao katika siku hizo huzuni, hasira au wasiwasi huwazidi nguvu kabisa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaotumika katika nchi nyingi uliiingiza hali hiyo kali kama ugonjwa kamili mwaka 2013, na unakadiria kwamba inawapata kati ya asilimia 1.8 na 5.8 ya wanawake wanaopata hedhi.

Kuhusu dalili za kawaida, takwimu zinatofautiana mno. Tathmini moja iliyochapishwa mwaka 2014, iliyokusanya tafiti kutoka nchi mbalimbali, ilipata wastani wa karibu nusu ya wanawake. Lakini utafiti wa chini kabisa, kutoka Ufaransa, ulikuwa na asilimia 12, na wa juu kabisa, kutoka Iran, asilimia 98. Siamini kwamba miili ya wanawake inatofautiana kiasi hicho. Kinachotofautiana zaidi ni namna swali linavyoulizwa, na namna kila jamii inavyomfundisha mwanamke kuusoma mwili wake.

Mabishano ya miaka mingi

Ubishi kati ya mwili na akili katika jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1931 daktari wa wanawake jijini New York, Robert Frank, aliandika kuhusu wagonjwa wake waliokuwa na fadhaa kali kabla ya hedhi, akazilaumu homoni. Mwaka huohuo, nchini Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili Karen Horney aliandika kuhusu fadhaa hiyohiyo, lakini akaitafutia chanzo katika migogoro ya ndani ya nafsi ya mwanamke. Mwaka 1953 Katharina Dalton na Raymond Greene wa Uingereza walichapisha makala yaliyolipa tatizo hili jina ambalo madaktari wanalitumia hadi leo.

Hata sasa ubishi haujaisha. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, imeiweka ile hali kali miongoni mwa magonjwa ya viungo vya uzazi, na papo hapo ikaitaja chini ya magonjwa ya sonona, yaani huzuni nzito inayodumu. Ugonjwa mmoja, milango miwili. Nadhani waliopanga orodha hiyo walifanya vyema.

Mwili unafanya nini

Katikati ya mzunguko yai hupevuka na kutoka. Baada ya hapo homoni ya projesteroni hupanda, na kama mimba haikutunga, projesteroni na estrojeni zote hushuka kabla ya damu kuanza. Homoni hizi haziishii kwenye mfuko wa uzazi. Zinagusa ubongo pia, pamoja na kemikali kama serotonini zinazosaidia kupanga usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo.

Watu wengi hudhani kwamba mwenye dalili kali ana homoni nyingi kupita kiasi. Sivyo. Mwaka 1998 Peter Schmidt na wenzake, katika taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya ya akili, walichapisha utafiti muhimu. Walitumia dawa kuzima mzunguko wa homoni kwa wanawake waliothibitishwa kuwa na dalili kali. Wengi wao walipata nafuu. Waliporudishiwa homoni kwa kiwango cha kawaida, dalili zilirudi. Wanawake wasiokuwa na tatizo walipopewa homoni zilezile, hawakubadilika.

Maana yake ni kwamba kiasi cha homoni kinaweza kuwa sawa kwa wanawake wawili, lakini ubongo wa mmoja ukawa mwepesi zaidi kushtuliwa na mabadiliko yake. Kwa hiyo anayemwambia mwanamke "mbona wenzako hawalalamiki?" anauliza swali lisilo na msingi. Wenzake hawana ubongo wake.

Akili inaongeza nini

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Nitataja mambo sita.

La kwanza ni matarajio. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Diane Ruble alichapisha utafiti alioufanya kwa wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Aliwaambia kuna kipimo kipya kinachoweza kutabiri siku ya hedhi. Kipimo hicho kilikuwa cha kubuni. Baadhi waliambiwa hedhi itakuja baada ya siku moja au mbili, wengine wakaambiwa bado zaidi ya wiki, ingawa wote walikuwa katika hatua moja ya mzunguko. Walioambiwa hedhi i karibu walieleza maumivu zaidi na kuvimba zaidi. Hawakudanganya. Mtu akitarajia maumivu, anauchungulia mwili wake, na mwili haukosi la kuonyesha.

La pili ni kumbukumbu. Mwaka 1988 watafiti watatu, Jessica McFarlane, Carol Lynn Martin na Tannis MacBeth Williams, walichapisha kazi yao kutoka Kanada. Waliwataka wanawake na wanaume waandike hali zao za moyo kila siku, bila kuwaambia kwamba hedhi ndiyo inayochunguzwa. Madaftari yalionyesha kwamba siku za wiki zilibadilisha moyo kuliko mzunguko wa hedhi, na kwamba wanawake hawakuyumba kuliko wanaume. Lakini walipoulizwa baadaye wakumbuke, wanawake walisema siku za kabla ya hedhi zilikuwa mbaya kuliko walivyokuwa wameandika wenyewe. Siku mbaya ikiangukia kabla ya hedhi tunaikumbuka kwa jina la hedhi. Ikianguka wiki nyingine tunaisahau, au tunaipa jina la mtu aliyetuudhi.

La tatu ni msongo wa mawazo. Utafiti uliofanywa Buffalo, jimbo la New York, na kuchapishwa mwaka 2010, uliona kwamba wanawake waliokuwa na msongo mkubwa mwezi uliotangulia walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dalili nzito wakati wa hedhi iliyofuata. Mimi siendi Buffalo kuliona hilo. Mwanamke wa Dunga au Usenge anayesubiri mashua alfajiri bila kujua kama omena zitapatikana, mwenye deni la chama, karo ya mtoto na kodi ya nyumba, anaifikia wiki ile akiwa ameshachoka. Katika fuo nyingine za ziwa hili bado ipo desturi ya jaboya, ambapo mwanamke hupewa samaki kwa sharti la kufanya ngono na mvuvi. Kuishi chini ya mashinikizo kama hayo hakumwachi mtu akiba ya utulivu.

La nne ni majeraha ya zamani. Uchunguzi wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliona kwamba waliodhulumiwa sana kihisia utotoni walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kupata dalili za kabla ya hedhi utu uzimani. Tukumbuke kwamba utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa Kenya wa mwaka 2022 uliona kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Mwili uliozoea hatari hukaa macho muda wote, na katika siku ambazo ubongo ni mwepesi kushtuka, hukaa macho zaidi.

La tano ni aibu. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi pamoja na KEMRI na Chuo cha Liverpool cha Tiba ya Nchi za Joto walichapisha mazungumzo yao na wasichana wa shule za msingi vijijini magharibi mwa Kenya. Wasichana walieleza jinsi walivyoanza hedhi bila kuandaliwa, hofu ya kuvujiwa darasani, na kwamba ni jambo la kufichwa asijue mtu. Anayeingia kwenye hedhi kwa hofu hujifunza kuiogopa kabla haijafika. Wala aibu haiishi kwa kuwa mtu mzima. Februari 2023 seneta Gloria Orwoba alitolewa katika ukumbi wa Seneti jijini Nairobi kwa sababu ya doa jekundu kwenye suti yake nyeupe. Kama seneta hakustahimiliwa, msichana wa darasa la saba atatarajia nini?

La sita ni kunyamaza. Mwanasaikolojia Jane Ussher wa Australia, aliyewahoji wanawake wengi kuhusu jambo hili, ameeleza kwamba baadhi yao hubana hasira na mahitaji yao wiki tatu, kisha katika wiki ya nne hawawezi tena kubana. Nimelikuta jambo hilo hapa Kisumu mara nyingi. Anayesifiwa kuwa mvumilivu siku 24, siku ya 25 anaitwa mwenda wazimu. Lakini ukimsikiliza anachokisema siku ya 25, mara nyingi ni madai halali: pesa, kazi za nyumbani, mtoto mgonjwa aliyeachiwa peke yake.

Tusitumie hedhi kumziba mtu mdomo

Ndiyo maana naogopa sana matumizi mabaya ya maarifa haya. Mtu akishasikia kwamba akili inahusika, huenda akasema, "Basi ni mambo ya kichwani tu." Na akishasikia kwamba homoni zinahusika, huenda akasema, "Basi usimsikilize, si yeye anayesema, ni homoni." Maneno hayo mawili yanatoka kinyume, lakini yote yanaishia kumnyamazisha mwanamke.

Kuna utafiti wa tiba unaofundisha jambo hapa. Mwaka 1998, Marekani, wanawake walipewa miligramu 1,200 za kalisi kwa siku au kidonge kisicho na dawa yoyote, kwa mizunguko mitatu. Waliopata kalisi walipata nafuu ya asilimia 48. Waliomeza kidonge kitupu walipata nafuu ya asilimia 30. Pengo hilo linaonyesha kwamba kalisi ilisaidia mwili. Ile asilimia 30 inaonyesha kwamba kutunzwa, kuulizwa na kutarajia kupona kulisaidia pia. Mwenye nafuu ya asilimia 30 hakuwa akijifanya mgonjwa. Maumivu ya kweli yanaweza kupungua mtu anapojaliwa.

Huku ziwani, zamani, msichana wa Kiluo alilala siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyewafundisha wasichana mambo ya mwili na ya maisha. Kwenu Pwani mna somo na kungwi. Siwezi kusema kila kilichofundishwa kilikuwa chema. Lakini msichana alikuwa na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzungumza naye kuhusu hedhi bila kuona haya. Wengi leo wamebaki na simu na wenzao wa rika.

Kenya imejitahidi upande wa vifaa. Kodi ya ongezeko la thamani kwa sodo iliondolewa mwaka 2004. Sheria ya mwaka 2017 iliitaka serikali iwape sodo bure wasichana wa shule za umma. Ipo pia sera ya kitaifa ya usafi wa hedhi ya 2019 hadi 2030. Hayo ni mema, hata kama utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Lakini msichana aliyepewa sodo na akaachiwa hofu yake amesaidiwa nusu.

Daftari la miezi miwili

Kwa kuwa kumbukumbu hutudanganya, madaktari hawathibitishi tatizo hili kwa kuuliza tu. Humtaka mwanamke aandike kila siku kwa angalau mizunguko miwili. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kulithibitisha. Daftari la shule la shilingi chache linatosha.

Andika tarehe. Andika kama una damu au huna. Chagua mambo matano au sita yanayokusumbua, kwa mfano kichwa, usingizi, hasira, huzuni, wasiwasi na uchovu, uyape alama kutoka 0 hadi 3 kila jioni. Mwishoni ongeza mstari mmoja: leo kumetokea nini? Mstari huo usiuache. Ndio unaotenganisha hedhi na maisha.

Baada ya miezi miwili utaona mojawapo ya sura tatu. Sura ya kwanza: dalili zinakuja kabla ya hedhi, zinaisha baada yake, na wiki inayofuata ni tulivu. Hizo ndizo dalili za kabla ya hedhi. Sura ya pili: dalili zipo mwezi mzima na zinazidi tu kabla ya hedhi. Huenda hiyo ni sonona, ugonjwa wa wasiwasi, kipandauso, upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo, na inahitaji kuchunguzwa kwa jina lake. Sura ya tatu: dalili zinafuata matukio, si tarehe. Hapo cha kutibiwa kwanza kiko nje ya mwili.

Na ukipata homa au kichwa kikali, pima malaria hata kama tarehe ni ya kabla ya hedhi. Daftari halimzuii mbu.

Nini kinasaidia

Kwa dalili za wastani, mambo ya kawaida yana nguvu kuliko tunavyodhani: usingizi wa kutosha, kutembea au mazoezi mengine mara kadhaa kwa wiki, kula kwa wakati, kupunguza pombe, na kupunguza chai ya rangi na kahawa kwa wale wanaokosa usingizi. Omena huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ni chakula chenye kalisi nyingi, ingawa utafiti nilioutaja ulitumia vidonge. Kwa maumivu, dawa za kawaida za kutuliza zinafaa, zikitumiwa kwa kipimo.

Upande wa akili, tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuyatambua mawazo yanayomlemea na kuyajibu imeonyesha kuwasaidia baadhi ya wanawake. Nyumbani, ninachoshauri kwa kawaida ni hiki: mambo mazito yazungumzwe katika wiki tulivu baada ya hedhi. Lengo si kuyazika. Lengo ni kuyasema ukiwa na nguvu ya kuyasema yote. Na mume akumbuke kwamba jambo lililosemwa kwa hasira siku ya 25 bado ni jambo. Aliulize tena siku ya 8.

Wengine watasema Kisumu haina wanasaikolojia wa kutosha. Ni kweli. Lakini hapahapa Kisumu kulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambapo watu wasio wataalamu wa afya ya akili walifunzwa kutoa tiba ya mazungumzo kwa wanawake wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wamefanyiwa ukatili. Sonona na athari za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa waliopata huduma za kawaida pekee. Utafiti huo haukuhusu hedhi, lakini unathibitisha kwamba msaada wa aina hii unawezekana kwetu, na kwamba si lazima usubiri daktari bingwa.

Kwa ile hali kali zipo dawa. Kundi la dawa za sonona zinazofanya kazi kupitia serotonini, kama fluoksetini, huwasaidia wengi, na wengine huzitumia kwa siku za kabla ya hedhi pekee. Baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi husaidia pia, ingawa wapo wanaoona vinawazidishia. Dawa hizi ziandikwe na daktari. Usizichukue dukani kwa ushauri wa jirani.

Usisubiri daftari lijae

Ukipata mawazo ya kujiua, ya kujidhuru au ya kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama unajua hedhi ikija mawazo yataondoka. Wanawake wenye hali kali wako katika hatari ya kweli katika siku hizo. Kisumu, nenda Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Mombasa, Hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu za msaada wa kisaikolojia kupitia 1199, na wanaofanyiwa ukatili nyumbani wanaweza kupiga 1195. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Yule mama wa Obunga aliandika miezi miwili, kwa penseli, nyuma ya daftari la madeni ya wateja wake. Kichwa, viungo na usingizi vilifuata tarehe mara zote mbili, vikaisha siku ya pili ya damu. Alipimwa malaria mara zote mbili na hakuwa nayo. Lakini hasira na machozi vilijitokeza pia katikati ya mwezi. Kila vilipojitokeza, ule mstari wa mwisho ulisema jambo lilelile: mtaji wa samaki umechukuliwa bila yeye kuulizwa.

Alimwonyesha mumewe daftari siku ya 9, jioni, baada ya chakula. Hakupata kila alichotaka. Alipata makubaliano kwamba mtaji utakaa kwa mweka hazina wa chama chake. Kichwa bado kinamuuma kila mwezi, naye humeza dawa ya maumivu na kulala mapema. Ya malaria hanunui tena bila kupimwa.